Siku Kumi za Danieli na Sukari ya Mwilini

Neno la mwezi huu: Danieli 1:8-16



Tunawasalimu ninyi nyote mnaosoma barua hii ya kanisa, mlio Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na wazee wanaosomewa na wajukuu wao. Mwezi huu akina mama wa kanisa wametuomba tuseme juu ya jambo ambalo halijazoeleka mimbarani, nalo ni sukari katika damu. Ndugu mmoja alitushauri tuliache kwa kuwa ni jambo la hospitali. Sisi hatuoni hivyo. Katika miaka tuliyokaa hapa Nakivale tumezika watu ambao kisukari kiliwala ndani kwa ndani kabla hawajajua jina lake. Tumesimama kando ya kitanda cha baba aliyekatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama mchubuko wa kiatu. Wanaotuita kwenda kuzika wana haki ya kutusikia tukisema mapema.

Tufungue Danieli sura ya kwanza. Vijana wale wanne walikuwa watu wa kuhamishwa kama sisi. Walitolewa Yerusalemu wakapelekwa Babeli, wakapewa majina mapya, nasi tukapewa namba. Wakapangiwa mgawo wa chakula wa kila siku na wakuu wa nchi ile. Tofauti ni kwamba mgawo wao ulitoka meza ya mfalme, pamoja na divai, na wetu mnaujua. Danieli akakusudia moyoni asikile chakula kile, asije akajitia unajisi.

Hapa tuwe wakweli, wapendwa. Shida ya Danieli ilikuwa unajisi, haikuwa sukari, na hatutaki kuyalazimisha Maandiko yaseme neno ambalo hayakusema. Hata chakula alichoomba kina maneno yake: Biblia ya Union inakiita mtama, tafsiri nyingine zinakiita mboga, na neno la Kiebrania lina maana ya vitu vinavyotokana na mbegu, hata maharagwe yanaingia humo. Asije mtu akaondoka hapa akasema mchungaji ameamuru kanisa zima lile mtama.

Lakini angalieni namna alivyolifanya. Hakugoma, wala hakumtukana msimamizi. Aliomba siku kumi. Akaomba kwamba siku hizo zikiisha nyuso zao ziangaliwe, zilinganishwe na nyuso za vijana wengine, ndipo msimamizi aamue kwa yale atakayoyaona kwa macho. Kwa lugha ya leo tungesema alikubali kupimwa. Na Bwana wetu naye, alipowatakasa wakoma kumi katika Luka 17, aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika Walawi 13 na 14 kuhani ndiye aliyeangalia ngozi na kusema huyu bado, huyu ametakasika. Yesu mwenyewe hakuona kwamba kupimwa kunapunguza utukufu wa uponyaji. Ni kwa msingi huo tunathubutu kuweka kimashine cha hospitali kando ya Biblia.

Sasa, jambo lenyewe. Kati ya mtu mwenye sukari ya kawaida na mwenye kisukari kuna hatua ya katikati. Wauguzi huiita hatua ya kabla ya kisukari. Sisi tumezoea kuiita sukari ya mpakani, na maana ya mpaka hakuna wa kutufundisha. Mtu akipimwa asubuhi, akiwa amekaa muda wa saa 8 au zaidi bila kula, Shirika la Afya Duniani linahesabu hivi: chini ya 6.1 ni kawaida, 6.1 hadi 6.9 ni mpakani, na 7.0 kwenda juu ni kisukari, ikiwa hospitali imerudia kipimo siku nyingine na kukuta vilevile. Wamarekani ni wakali zaidi, wao wanaanza kuhesabu mpaka kwenye 5.6. Namba hizi ni za milimoli kwa lita, na mashine nyingi huonyesha hivyo. Mashine nyingine huonyesha kwa miligramu. Ukiona imeandika 110 usizimie. Gawanya kwa 18, utapata kama 6.1.

Mtu wa mpakani mara nyingi haumwi kitu. Kiu isiyoisha, kuamka usiku mara nyingi kukojoa, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, hayo kwa kawaida huja baadaye, akiwa ameshavuka. Kwa hiyo asikudanganye mwili wako kwa kunyamaza. Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja ana kisukari, kama una tumbo kubwa au shinikizo la damu, kama mimba iliwahi kukupandishia sukari au ulizaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, wewe ni wa kupimwa, hata kama unabeba debe la maji kichwani bila kuhema.

Na kuna habari njema ambayo tunaomba isomwe kwa sauti. Kutoka mpakani mtu anaweza kurudi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa katika hatua hii waligawanywa makundi na kufuatwa kwa karibu miaka 3. Waliobadili chakula, wakapunguza uzito kidogo, wakatembea dakika 150 kwa wiki, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa msaada huo. Kundi lililopewa vidonge vya metformin lilipunguza kwa asilimia 31. Sahani na miguu vilishinda kidonge! Na huko Da Qing nchini China, ambako kazi kama hiyo ilianza mwaka 1986, watu walifuatwa miaka 30, ikaonekana kwamba waliobadili maisha walicheleweshewa kisukari kwa karibu miaka 4, na vifo vyao vilikuwa vichache.

Tunasikia watu wakisema huu ni ugonjwa wa matajiri, mkimbizi ataupata wapi? Wapendwa, hapana. Wakati wa majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Uholanzi ilifungiwa chakula na majeshi ya Ujerumani, na watu wakafa njaa. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao katika miezi ile walifuatwa na madaktari hata utu uzima, na walipofika miaka 50 hivi miili yao ilionekana kushindwa kuimudu sukari kuliko ya wenzao. Njaa ya mama iliacha alama kwa mtoto. Basi fikirini sisi, ambao wengi tulibebwa mimba au tuliwabeba wanetu tukiwa porini na njiani, tukila majani. Mwili uliofunzwa na njaa, kisha ukapewa wanga mtupu kila siku, unaweza kupanda sukari hata kama mtu ni mwembamba. Hii si laana wala si adhabu ya dhambi ya mtu. Tunaomba neno hilo lisisikike tena katika vyumba vya maombi.

Tuje kwenye chakula. Hapa Uganda neno posho maana yake ni ugali wenyewe, wakati katika Kiswahili cha kwingine posho ni chakula cha mgawo. Kwetu wakimbizi maneno hayo mawili yamekuwa kitu kimoja. Mwaka 2020 mgawo ulianza kupunguzwa, na mwaka 2023 nyumba nyingine zikatolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo hatutawaambia mle samaki kila siku na matunda ya kila aina. Tunajua mfuko wa mtu. Tunasema juu ya kile kilichopo.

Ugali, muhogo, mchele, viazi, matoke na mandazi, vyote tumboni hugeuka kuwa sukari. Dona lina pumba zake na ni afadhali kuliko unga mweupe, lakini dona nalo ni wanga, na mlima wa dona bado ni mlima. Kipimo kinachofundishwa na wauguzi ni hiki: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharagwe au dagaa au mukene, na robo tu iwe ugali. Wengi wetu tumeligeuza. Ugali nusu na zaidi, mboga ya kulowekea tonge. Lengalenga, ambayo wenyeji huiita dodo, haihitaji shamba. Ukipanda nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya kuogea, baada ya wiki nne hivi unaanza kuchuma. Sombe nayo ni mboga njema, ipikwe vizuri tu, na mafuta yasiwe ya kuogelea.

Jambo linalotuumiza ni hili la maharagwe. Tumeona nyumba ikipokea maharagwe, ikayauza sokoni kwa bei ya kutupa, ikanunua sukari na mchele. Hapo mtu ametoa chakula kinachotuliza sukari akanunua kinachoipandisha, na amepata hasara mara mbili. Tunajua wakati mwingine anauza ili apate sabuni au daftari la mtoto, na huyo hatumhukumu. Tunamsema yule anayeuza kwa ajili ya chai.

Na chai yenyewe! Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, na akija mgeni vinne, maana chai isiyo tamu inahesabiwa kuwa uchoyo. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Hakuna mama ambaye angevitia vyote katika kikombe kimoja mbele ya watu. Asali nayo ni sukari, ingawa imetajwa kwa wema katika Biblia; Methali 25:16 inamwonya hata aliyeipata asali asile kupita kiasi kinachomtosha. Na zile dawa chungu zinazouzwa kwenye chupa zilizotumika, tuseme wazi: uchungu wa majani haufuti utamu wa chai.

Kupunguza ugali kunahitaji nyumba nzima kukubaliana. Baba mwingine akiona tonge limepungua anauliza kama mke amemkasirikia. Akina baba, tunawaomba mlianzishe ninyi, mseme mbele ya watoto kwamba ni agizo lenu, ili mama asionekane mchoyo. Kwenye nyumba zinazokula sinia moja, mwenye sukari ya mpakani atengewe fungu lake kabla mikono haijaingia, kwa maana kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Aanze na mboga na maharagwe, ugali ufuate. Kula kwenye sahani yako si kujitenga na ndugu. Baada ya kula atembee, hata robo saa. Akina mama wengi wanatembea tayari kwa sababu ya maji na kuni. Tunaowaona wamekaa kivulini mchana kutwa na drafti ni wengine, nao wanajijua.

Neno la tahadhari. Kupunguza chakula si kwa kila mtu. Watoto, mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtu aliyekonda, hao wasipunguze kula bila kuongea na muuguzi. Kwao kazi ni kubadilisha kilichomo katika sahani, wala si kuipunguza.

Sasa kupima nyumbani. Mashine ni ndogo kama simu. Inatumia vijiti vidogo vinavyochomekwa mwishoni, na kila kijiti hutumika mara moja tu. Vijiti ndivyo vinavyogharimu, kwa hiyo hatushauri mtu wa mpakani ajitoboe kila siku kama anayechoma sindano ya insulini. Apime kwa kusudi, ajifunze jambo, aandike.

Mama mmoja wa kanisa letu, ambaye ameruhusu tumseme bila jina, aliambiwa hospitali kwamba yuko mpakani. Asubuhi alipima kabla ya kula akakuta 6.4. Akanywa uji wake wa kawaida, vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili. Saa mbili tangu alipoanza kula, akapima tena: 10.2. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Hii uji ndiyo imefanya hivi?" Kesho yake alikunywa uji ule ule bila sukari, akala na maharagwe ya jana, akaacha mandazi. Saa mbili baadaye: 7.6. Mahubiri yetu ya mwaka mzima juu ya kiasi hayakumfikia kama namba hizo mbili katika daftari la mjukuu wake. Kwa kawaida, saa mbili baada ya kula, namba iliyo chini ya 7.8 ni ya kufurahia. Ikizidi hapo usiogope, rudi uangalie ulikula nini.

Kwa mfano wake tunawapa ninyi siku kumi za Danieli. Siku ya kwanza pima asubuhi kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya mlo wako ulivyouzoea, bila kujipendekeza. Siku zinazofuata ubadilishe sahani na chai. Siku ya kumi pima vilevile, saa zile zile. Ni vijiti vinne tu. Siku kumi zinatosha kukuonyesha mlo wako unafanya nini. Hazitoshi kukutangaza kuwa umepona. Kwa hilo hospitali ina kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu, na mtu wa mpakani ni vema apimwe na wataalamu angalau mara moja kila mwaka.

Kabla ya kupima, nawa mikono kwa sabuni, ukauke. Mtu aliyemenya embe akapima bila kunawa atapata namba ya kutisha ambayo si ya damu bali ya embe. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, kule hakuumi sana. Funika kopo la vijiti mara moja, usiliache juani wala karibu na jiko, na uangalie tarehe ya mwisho. Na hili tunalisema kwa nguvu zote: kisindano cha kutobolea hakiazimwi. Si kwa mume, si kwa mtoto, si kwa mchungaji. Kile kikalamu cha kutobolea nacho ni cha mtu mmoja. Homa ya ini na Virusi vya Ukimwi hupita katika tone dogo msiloliona. Mashine inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja isafishwe kwa dawa kila baada ya mtu. Visindano vilivyotumika viwekwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, vipelekwe kituo cha afya, visitupwe shimoni mahali watoto wanapochezea.

Kuna waliokwisha kuvuka mpaka, walio na kisukari kamili na wanatumia vidonge au insulini. Ninyi msifanye siku kumi hizi peke yenu, wala msiache dawa. Tumesikia mahali watu waliombewa, wakaambiwa watupe dawa kama ishara ya imani, na mmoja tulimfuata akiwa amelazwa hajitambui. Tunaamini Mungu anaponya. Kwa hiyo tunasema kama Bwana alivyowaambia wale kumi: nenda ukajionyeshe. Daktari akipima akaona dawa zipunguzwe, tutapiga vigelegele pamoja. Asipoona hivyo, endelea na dawa na maombi yaendelee.

Kuhusu mfungo wa kanisa, aliye na dawa za kisukari asifunge kabla ya kuongea na daktari, maana sukari inaweza kushuka chini ya 3.9, akatetemeka, akatoka jasho, hata akaanguka. Huyo aombe pamoja nasi akiwa amekula; hakuna mzee wa kanisa atakayemwuliza. Wa mpakani wasio na dawa wengi wanaweza kufunga, ila wanywe maji, na jioni wasifungulie kwa soda na mandazi. Tumeona mifungo ya siku tatu iliyomalizika kwa karamu ya sukari, na hatudhani mwili uliona faida yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, dada wawili wa kanisa ambao ni wauguzi watapima sukari katika jengo la ibada. Kila mtu atatobolewa kwa kisindano chake kipya. Njooni hamjala tangu usiku, maji mnaweza kunywa. Mje na daftari na kalamu. Atakayekutwa na 6.1 au zaidi ataandikiwa karatasi ya kwenda kituo cha afya, na mashemasi watamsindikiza asiyeweza kutembea. Baada ya kupimwa kutakuwa na uji kwa wote, nao hautatiwa sukari.